Klachi Ngumu na Mpaka wa Subira

Miongoni mwa maswali ambayo wanateolojia na wanafalsafa wa maadili wameyarudia kwa karne nyingi ni lile la mpaka wa subira, yaani ni taabu ipi ambayo mwanadamu anapaswa kuibeba kama sehemu ya maisha yake duniani, na ni ipi ambayo kuibeba ni uzembe tu uliovikwa joho la uchaji. Kwa kawaida swali hili hujadiliwa kwa mifano mikubwa, kama vile ugonjwa usiopona, kufiwa au njaa, lakini ukubwa wa mifano hiyo huficha jambo, kwa kuwa katika misiba ya namna hiyo uwezo wa kuiondoa taabu aghalabu haupo, na swali hubaki limejijibu lenyewe. Mfano mdogo hufaa zaidi, na wilaya ya Chunya, mkoani Mbeya, inao mmoja unaoshikwa kwa mkono wa kushoto kutwa nzima, nao ni klachi ngumu ya pikipiki kuukuu.

Chunya ni nchi ya dhahabu tangu miaka ya 1920, ilipoanza kuchimbwa katika eneo la Lupa, na hadi leo machimbo ya Makongolosi, Matundasi na kwingineko huifanya pikipiki kuwa chombo cha lazima. Pikipiki hiyo hubeba abiria, madumu ya dizeli na viroba vya mawe yanayopelekwa karasha, yaani mashine ya kusagia mawe yenye dhahabu, na yote hayo huzunguka katika njia za vumbi zinazomlazimu dereva kubadili gia kila baada ya hatua chache. Anayekwenda Mbeya mjini atakuta lami, lakini atapanda safu ya milima hadi kimo cha zaidi ya mita 2,400 kabla ya kuteremka upande wa pili, na katika kona zile vidole vya mkono wa kushoto havipumziki.

Klachi ni kiungo kinachounganisha na kutenganisha nguvu ya injini na gia. Katika pikipiki nyingi za mizigo zilizoko vijijini, ambazo injini zake zimefuata umbo la Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976, klachi ni rundo la pleti zilizopangwa kwa kupishana, moja yenye utando wa msuguano na nyingine ya chuma kitupu, zote zikiwa ndani ya oili ya injini na kubanwa pamoja na springi. Dereva anapovuta leva, waya uliomo ndani ya ganda lake huvuta mkono mdogo ulio ubavuni mwa injini, nao huzishinda nguvu springi ili rundo lilegee na gia iingie bila kukwaruza. Maana yake ni kwamba uzito fulani ni wa asili, kwa sababu klachi isiyo na springi za kuibana haiwezi kusukuma gurudumu hata kwenye tambarare. Kinacholalamikiwa vijiweni ni uzito uliozidi ule wa springi za asili, na uzito huo wa ziada una chanzo chake.

Chanzo hicho hakijulikani kwa kukisia, na hapa fundi hodari humshinda mhubiri asiye makini. Fundi huyo haanzi kwa kufungua injini, bali huchomoa ncha ya chini ya waya pale unaposhikana na mkono wa injini, kisha huvuta leva ikiwa haina mzigo wowote. Ikiwa bado inakwama, kosa liko kwenye waya, kwenye ganda au kwenye skrubu inayoishikilia leva. Ikiwa inateleza, basi kosa liko upande wa injini, ambako mhimili wa ule mkono mdogo huenda umeota kutu, au fundi aliyetangulia aliweka springi kali kuliko za asili ili klachi isiteleze kwa mizigo ya viroba. Mara nyingi kosa huwa la waya. Vumbi laini la kiangazi huchanganyika na grisi ya zamani na kuwa tope jeusi, na karibu na leva, pale waya unapojikunja kila unapovutwa, nyuzi zake nyembamba huanza kukatika mmoja baada ya mwingine na kukwaruza ganda kwa ndani. Waya ambao nyuzi zake ni nzima huning'inizwa, kipande cha mfuko wa plastiki hufungwa kwenye ncha yake ya juu kama faneli, na oili nyepesi huachwa ishuke polepole mpaka ile inayotoka chini iwe safi. Waya uliokatika nyuzi hautibiki kwa oili, hubadilishwa. Mwishoni leva huachiwa nafasi ya kucheza, aghalabu kati ya milimita 10 na 20 kwenye ncha yake, ili pleti zibanane sawasawa zisije zikaungua.

Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni wa Tus aliyefariki mwaka 1111, alilizungumzia suala hili katika kitabu chake cha Ihya, kwenye mlango wa subira na shukrani, ambamo anaeleza kwamba mtu haamrishwi kusubiri juu ya taabu anayoweza kuiondoa. Mfano wake ni wa mwenye kiu aliyeacha maji kwa hiari yake mpaka maumivu yakamzidi: huyo ameamrishwa anywe, wala hahesabiwi kuwa ni mwenye kusubiri. Mtume Paulo, ambaye madereva Wakristo humsikia makanisani, anasimulia katika waraka wa pili kwa Wakorintho kwamba aliomba mara tatu mwiba uliokuwa mwilini mwake uondolewe kabla ya kuukubali, jambo ambalo wanaoitumia habari hiyo kufundisha unyenyekevu hulipita haraka mno. Epiktetasi, mwanafalsafa wa Kistoa aliyezaliwa mtumwa, aliyagawa mambo kati ya yale yaliyo katika uwezo wa mtu na yale yasiyokuwamo, lakini kwa kuwa aliuweka hata mwili wenyewe katika fungu la pili, mafundisho yake humsaidia dereva kutonung'unika bila kumwambia lolote kuhusu waya. Kwa swali hili al-Ghazali ndiye anayefaa zaidi, kwa sababu anauliza kwanza kama taabu inaondoleka.

Hata hivyo mfano wake una mtu mmoja, mwenye kiu na mwenye maji akiwa ni yuleyule, ilhali pikipiki ya Chunya ina watu watatu. Dereva ndiye mwenye mkono unaouma, tajiri ndiye mwenye chombo na fedha, na fundi ndiye mwenye ujuzi. Tajiri huona hesabu, yaani malipo anayopelekewa kila siku, inafika bila kupungua, na pikipiki inatembea. Ugumu wa klachi hauonekani kwa macho, na dereva mwenyewe, baada ya miezi kadhaa, huuzoea hadi akaacha kuutaja. Mazoea hayo hutumiwa kama ushahidi kwamba taabu si kubwa, na ndipo dereva anapoambiwa kwamba subira yavuta heri, kwa kawaida na mtu ambaye mkono wake haushiki leva yoyote. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu mazoea huonyesha nguvu za mbebaji tu, wala hayabatilishi uwezekano wa kuutua mzigo.

Kwa hiyo wajibu hauwezi kugawanywa kabla ya waya kuchomolewa. Ikiwa kosa ni ukavu na uchafu, dereva anayeendelea kuumia wakati oili kidogo ingetosha hana subira ya kusifiwa. Ikiwa ni waya mbovu, mhimili wenye kutu au springi zisizo zake, uwezo uko kwa tajiri, na fundi aliyezifunga springi hizo bila kusema ana sehemu yake ya lawama. Mgogoro zaidi uko katika mikataba ambayo kwayo dereva hulipa kwa muda fulani mpaka pikipiki iwe yake, kwani makubaliano ya mdomo aghalabu hutaja kiasi na muda, na matengenezo huachwa yamwangukie aliye barabarani. Katika hali hiyo, ubovu uliokuwamo siku pikipiki ilipokabidhiwa ni wa tajiri, na gharama yake inapaswa kukatwa kwenye hesabu.