Kusamehe Kisicho Chetu

Neno gofu tulilijua zamani kwa maana nyingine kabisa: gofu ni nyumba iliyobaki kuta tupu, na gofu la mtu ni yule aliyekondeshwa na maradhi. Mchezo wenye jina hilo tuliletewa na Waingereza, na wengi wetu tumeuona kwa mbali tu, ng'ambo ya ua. Hata hivyo una ndani yake swali ambalo twaona linastahili nafasi katika kurasa hizi, nalo ni hili: mtu ana haki ya kusamehe nini?

Huko Marekani na Kanada ni desturi marafiki kukutana jioni moja ya kila juma, baada ya kazi, wakacheza mashimo 9 badala ya 18. Wakati wa kiangazi jua lao huchelewa sana kuchwa. (Sisi tukaao karibu na ikweta hatuna bahati hiyo: aanzaye saa kumi na moja huenda shimo la tisa akalitafuta kwa kurunzi.) Wasiolingana kwa ustadi husawazishwa kwa hendikapu, yaani idadi ya mapigo ambayo mchezaji dhaifu hupunguziwa katika jumla yake. Refa hakuna. Mtu humwandikia mwenzake mapigo kwenye kadi, na mwishoni kadi za makundi yote hulinganishwa.

Basi tuseme mpira wa mmoja wao umesimama shubiri mbili kutoka shimoni. Giza laja, miguu imechoka, na kila mtu ajua kwamba pigo moja dogo litautia ndani. Rafiki yake amwambia: "Uokote tu, bwana, tuhesabu umeingia." Je, huo si wema?

Sheria za mchezo hutenga hali mbili. Wawili wanaposhindana shimo kwa shimo, kusameheana pigo la namna hiyo kumeruhusiwa. Lakini panaposhindanishwa jumla za mapigo, hakuruhusiwi kamwe. Asiyeutia mpira shimoni, wala asilirekebishe kosa hilo kwa wakati, huondolewa mashindanoni. Wako wauonao utengano huu kuwa ni ukaidi wa wazee wa Uskoti. La hasha! Katika hali ya kwanza, hasara ya msamaha humwangukia yule yule asameheye. Katika hali ya pili wamo watu wasiokuwapo: kundi lililo mashimo matatu nyuma, ambalo huenda mtu wake akashindwa kwa pigo moja tu, asijue kamwe kwamba pigo hilo lilitolewa zawadi na mtu asiyelimiliki. Kama kundi zima la marafiki limepatana tangu mwanzo wa msimu kwamba mipira ya karibu iokotwe, hapo hatuna neno, maana wenye haki wamekwisha kuitoa wenyewe.

Mfano mashuhuri ni ule wa Septemba 1969, huko Royal Birkdale, Uingereza, katika Kombe la Ryder. Timu ya Uingereza na ile ya Marekani zilikuwa sawasawa, likabaki shimo la mwisho la pambano la mwisho, baina ya Jack Nicklaus wa Marekani na Tony Jacklin. Nicklaus aliutia mpira wake. Jacklin alibakiwa na pigo fupi. Akilikosa, Marekani imeshinda. Nicklaus akamsamehe pigo lile, na matokeo yakawa 16 kwa 16, sare ya kwanza katika historia ya kombe hilo. Watu walimsifu sana, na sifa hizo hazijakoma. Lakini Sam Snead, nahodha wake, hakufurahi. Nasi twamheshimu Nicklaus, ila hatuwezi kumcheka Snead. Pambano lilikuwa la Nicklaus, sheria ilimruhusu, na kombe lilibaki Marekani kwa kuwa walikuwa nalo tayari. Walakini ushindi ulikuwa wa watu kumi na wawili, na kumi na mmoja kati yao hawakuulizwa.

Sisi walimu tusidhani haya ni mambo ya wenye nafasi. Mwalimu asahihishaye zoezi la darasani akamwongezea mtoto alama moja ili asikate tamaa, ametoa kilicho chake: alama ile ni chombo chake cha kufundishia. Mwalimu yule yule, akisahihisha mtihani ambao kwao watoto watapangiwa nafasi chache za shule, akaongeza alama ile ile kwa huruma ile ile, amechukua kiti cha mtoto wa kijiji asichokijua. Mkono ni ule ule, kalamu ni ile ile, na moyo pia ni safi vile vile; ndiyo maana kosa hili ni gumu kuonekana. Machozi ya aliye mbele yetu twayaona. Ya yule mwingine hatuyaoni.

Kuna watakaosema kwamba rafiki ahesabuye hivyo ni mkavu, na jioni zake hazina ladha. Sivyo. Ana vingi vilivyo vyake vya kutoa: subira ya kungoja pigo lile dogo lipigwe, mkono wa kumshikia mwenzake bendera, na macho ya kumsaidia kutafuta mpira uliopotea majanini, kwa dakika zote tatu ambazo sheria ya tangu 2019 inaziruhusu.