Nani Ampishe Nani?

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Tukuyu, akiisha kupita Kiwira, hufika Kyimo. Barabara ni ile ile kuu iendayo mpaka Kasumulu, mpakani na Malawi, na malori na mabasi hupita humo usiku na mchana. Lakini kwa watu wa Kyimo barabara hiyo ndiyo pia njia ya shambani, ya sokoni, ya shuleni na ya kanisani. Mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani huivuka. Watoto wa shule huivuka. Kijana wa bodaboda huiingia ghafula kutoka njia ya udongo itokayo migombani. Tena Rungwe ni nchi ya mvua na ukungu, ambamo siku nyingi lami huwa imelowa na macho hayaoni mbali.

Basi, wanapokutana hao wote mahali pamoja, nani ampishe nani? Watu watasema hilo ni jambo la askari wa barabarani, wala si la ukurasa huu. Sisi twaona sivyo.

Kupishana njiani ni jambo ambalo wazee walilifikiria sana kabla motokaa ya kwanza haijafika. Monica Wilson, mtaalamu wa mila aliyekaa pamoja na mumewe Godfrey kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930, ameeleza jinsi mke wa mwana alivyokatazwa kabisa kuonana na baba mkwe wake. Akitambua kwamba mzee anakuja, ilimpasa kuiacha njia. Huko pwani nako, katika vichochoro vya miji ya kale, hamali mwenye mzigo alipaza sauti, “Simile!” nao watu wakajibana ukutani apite. Katika mila ya kwanza aliyepisha ni mdogo kwa mkubwa. Katika ya pili, mwepesi alimpisha aliyelemewa. Kila moja ilikuwa na heshima yake, ingawa ile ya kwanza, twakiri, iliwagharimu wanawake zaidi kuliko wanaume.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haitazami ukoo wala umri. Kwenye kipilefti, mwenye kuingia humpisha anayekuja kutoka kulia kwake. Atokaye njia ndogo huwasubiri walio katika barabara kuu. Na mwenye miguu, akiisha kukanyaga mistari ya kivuko, hupishwa na kila chombo, hata lori la tani 30. Hapo yatupasa kusimama kidogo, maana jambo hili ni geni kuliko tunavyodhani: mwenye nguvu ndiye anayeamriwa kumngoja mnyonge. Hangoji kwa sababu mtoto yule ana cheo. Hangoji kwa sababu mtoto amekuja kwanza. Angoja kwa sababu kati ya hao wawili, mmoja tu aweza kumwua mwenziwe.

Lakini njiani tumejitungia sheria nyingine, nayo ni ya cheo cha chuma. Lori halimpishi mtu, basi huogopa lori tu, motokaa ndogo huogopa basi, bodaboda huogopa wote, na mwenye miguu amekuwa kama yule mkwe wa zamani, wa kuruka mtaroni akisikia honi. Hamali aliomba njia, honi yaamuru.

Sasa tuje kwenye mwendo. Sheria yasema kilomita 50 kwa saa penye makazi ya watu. Nje ya makazi, mabasi na malori hayaruhusiwi kuzidi 80. Wengi huyaona hayo kuwa mambo mawili mbalimbali, moja la kupishana na moja la mwendo. Kwa kweli ni jambo moja. Aendaye kilomita 50 hupita takriban mita 14 katika sekunde moja. Aendaye 80 hupita mita 22. Tuseme mtoto anatokea njiani, na dereva wa kwanza, barabara ikiwa kavu na breki nzima, anasimama vidole vichache mbele yake. Huyo wa pili, akimwona mtoto kutoka mahali pale pale na kuchukua sekunde ile ile moja kabla ya kukanyaga breki, atamfikia angali na mwendo wa zaidi ya 70. Breki haikupata nafasi ya kufanya kazi. Huyu hawezi kusema kwamba alitaka kumpisha mtoto, ila hakuwahi. Alikwisha kumnyima njia tangu alipopita kibao cha 50, kabla hajajua kama yuko mtoto au hayuko.

Ndiyo sababu twashangazwa na desturi ya madereva kuwashiana taa. Askari mwenye tochi amesimama mbele. Dereva aliyekwisha kumpita humwashia taa anayekuja, naye hupunguza mwendo, humpita askari kwa adabu kubwa, kisha huongeza tena. Watu huuita huo ukarimu wa njiani. Lakini aliyeokolewa ni nani? Ameokolewa mfuko wa dereva. Mama mwenye ndizi, aliye nusu kilomita mbele ya askari, hakuna aliyemwashia mtu taa kwa ajili yake.

Wapo waliofundisha zamani kwamba sheria za namna hii hazifungi dhamiri: ukikamatwa, lipa faini, na deni limekwisha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulipowaonya wanaodharau kanuni za maisha ya pamoja, ulitaja wazi wazi sheria za mwendo wa magari, kwamba kuzipuuza ni kuhatarisha uhai wa mtu mwenyewe na wa wengine. Katekisimu ya mwaka 1992 inaweka kupenda mwendo kasi chini ya amri ya tano, pamoja na ulevi. Faini hulipwa serikalini. Aliyewekwa hatarini hapati kitu.

Madereva nao wana neno, nasi tumelisikia. Husema kwamba vibao vingine vimesimamishwa mahali pasipo hata nyumba moja. Kwamba tajiri mwenye basi amepanga saa za kufika ambazo hazipatikani ila kwa kuvunja sheria. Kwamba wako askari wanaojificha wapate mtu wa kumtoza kuliko kumzuia. Malalamiko hayo yana haki, na wenye kuhusika wangefaa kuyajibu. Kibao kisicho na maana huwafundisha watu kudharau na kile chenye maana. Lakini Kyimo nyumba zipo, na watoto wapo.

Tena dereva hayuko peke yake garini. Akishika 50 hapo Kyimo, ukungu umeshuka na askari hayupo, hakosekani abiria wa kiti cha nyuma wa kupaza sauti kwamba tunacheleweshwa. Mwingine hucheka. Waliobaki hutazama dirishani, na dereva hukanyaga mafuta. Twayajua hayo, maana nasi tumo katika mabasi hayo, na mara nyingi tumekuwa na haraka.