Je, Mlaji Aujua Mji?

Wapo watu wasemao kwamba njia fupi ya kuujua mji mkubwa ni kula vyakula vyake. Huingia Dar es Salaam alfajiri, wakanywa supu ya pweza Feri; adhuhuri wakala wali wa nazi kwa samaki; magharibi wakasimama kando ya njia kula mishkaki; na usiku wakamaliza kwa chipsi mayai. Kesho yake huvuka bahari kwenda Unguja, wakanywa urojo, wakatembea Forodhani kati ya moshi wa majiko. Warudipo kwao husema, "Miji ile naijua." Neno hili nimelisikia kwa wageni wa mbali, nimelisikia kwa wanafunzi wangu, na zamani nililisema mimi mwenyewe. Nataka kuuliza hapa kama aliyeonja amejua. Na kama hajajua, anadaiwa nini na mji uliomlisha?

Dai la walaji si la kubezwa. Ulimi ni shahidi mkweli kuliko wengi, maana chakula huhifadhi habari ambazo wenye mji wamekwisha kuzisahau. Chipsi mayai huhesabiwa leo kuwa alama ya Dar es Salaam, wala hapana kijana wa mjini asiyeijua. Lakini asili ya kiazi mviringo ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Mahindi ya ugali na muhogo wa kuchoma navyo vilivuka bahari kutoka Amerika, pamoja na nyanya na pilipili ya kachumbari. Pilau, biriani, chapati, sambusa na achari, majina yake yenyewe yatangaza safari za Uajemi na Bara Hindi. Mishkaki huchomwa Muscat kama ichomwavyo Magomeni, na Mswahili aliyezaliwa Oman huweza kuidai kuwa chakula cha kwao bila ya kusema uongo. Basi ukiondoa kwenye sahani ya mji kila kilichotoka ugenini, hutabakiwa na chakula. Na ukiyakubali yote, umekubali kwamba mji ni mkutano wa watu, wala si shina lililoota mahali pamoja.

Tena sahani ile ni ramani ya nchi. Viazi vimetoka Njombe na Mbeya, mchele Kyela au Shinyanga, dagaa Kigoma au Ziwa Victoria, ndizi Bukoba au Tukuyu. Ng'ombe wa mikoa ya bara huuzwa mnadani Pugu, huchinjwa Vingunguti, na jioni huwa mishkaki. Nakumbuka nilivyokula mshikaki wangu wa kwanza mjini, nikajiona nimekwisha kuwa mtu wa pwani. Haikunipitia akilini kwamba ng'ombe yule huenda alikulia malisho ya Mara, akasafiri njia ile ile niliyosafiri mimi, na pengine akafika mbele yangu.

Kuna mahali ambapo jina la soko peke yake latosha kumtoa mlaji raha. Kariakoo ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliutwaa mji mwaka 1916, na kambi ya wapagazi ikawa mahali pale. Watu wale walichukuliwa vijijini mwao ili wabebe vichwani chakula na risasi za majeshi. Wakafa maelfu kwa maelfu, na wengi zaidi waliuawa na maradhi kuliko risasi. Miongoni mwa vilivyowaua ni tumbo la kuhara, lililoletwa na unga wa mahindi usiosagwa vema wala kuiva, ambao wengine hawakuuzoea. Leo, mahali penye jina la watu waliobeba chakula cha wengine na kufa kwa chakula chao wenyewe, ndipo mji mzima uendapo kununua chakula. Anayenunua embe pale bila kujua haya, embe lake ni tamu vile vile. Hapo ndipo nianzapo kuwa na shaka na ulimi: husema kweli, lakini hausemi usipoulizwa.

Shaka yangu ya pili ni nzito zaidi, nayo sikuipata kitabuni. Nilizaliwa Nkende, kata iliyo ubavuni mwa mji wa Tarime, katika nyanda za juu za Mara karibu na mpaka wa Kenya. Kwetu chakula kilikuwa ugali wa ulezi na muhogo, uliosongwa ukawa mzito, pamoja na maziwa ya mgando au mboga za majani. Nyama ilikuwa ya siku ya shughuli. Mtoto aliyepita njia wakati wa chakula alikaribishwa, akanawa, akala. Lakini kabla hajainuka aliulizwa, "Wewe mwana wa nani?" Jibu lake lilimfunga. Kesho mama aliyemlisha aliweza kumtuma maji kisimani, na mtoto hakuwa na kinywa cha kukataa. Methali ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu husemwa aghalabu kwa mzaha, kama namna ya kumfukuza mtu. Mimi naona jembe lile ni heshima, maana apewaye jembe amehesabiwa kuwa mmoja wa nyumba.

Mjini hapana jembe. Mlaji hutoa fedha, na deni hufutika papo hapo. Sisemi kwamba jambo hili ni baya tupu. Mgeni asiye na ndugu angekufa njaa kama kila kijiko kingeulizwa ukoo wake. Na kula bila kuulizwa ni moja katika neema za mji, ambayo vijana waliokimbia macho ya wazee wao waijua vizuri. Nami niliifurahia. Ila fedha ilipaji deni la chakula hutufundisha pia kudhani kwamba imelipa yote, na kwamba mtu aliyesimama upande wa pili wa sufuria ni sehemu ya jiko. Tazama hata jina tulilompa. Mama ntilie ni sauti ya mlaji, si ya mpishi: "Mama, nitilie!" Mwanamke ameitwa kwa amri aliyopewa na mwenye njaa. Siku hizi wengi husema mama lishe, kwa adabu zaidi. Lakini nalo bado lamtaja kwa tumbo la mwingine.

Nilipokuja kusoma Dar es Salaam, baada ya safari ya siku mbili, mlo wangu wa kwanza niliula Ubungo, karibu na kituo cha mabasi ya mikoani, katika kibanda cha mabati chenye mabenchi mawili. Mwenye kibanda alinipa wali na maharagwe ya nazi. Sikuwa nimepata kuonja nazi katika maharagwe. Nilidhani ametia maziwa, nikamwuliza. Alicheka sana. Akaniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Tarime. "Basi mwanangu," akasema, "huku maziwa yetu yako mtini," akaniongeza mchuzi. Toka siku hiyo nilirudi kwake mara kwa mara kwa miaka mitatu. Fedha zangu zilipochelewa alinikopesha, akiandika kwa mkaa ubaoni, nami nililipa kila senti. Najivunia hilo hata leo, na ndilo linalonitia haya, kwa kuwa nilidhani nimemaliza. Yeye alijua kwetu, alijua mtihani wangu uko lini, alijua nikiumwa. Mimi nilijua mchuzi wake. Rafiki zangu wa bara waliponitembelea niliwapeleka pale, nikawaambia kwamba sasa nitawaonyesha Dar es Salaam yenyewe ilivyo.

Yamkini msomaji atasema kwamba hapana mtu awezaye kuwajua wote wamlishao: mvuvi, mkulima, mchunga ng'ombe, mpakuzi wa magunia. Ni kweli, wala sidai hivyo. Mji wa mamilioni hauwezi kuwa Nkende. Lakini asiyeweza kuwajua wote hajasamehewa kutomjua hata mmoja. Na huyu mmoja alikuwa mbele yangu, mkono wake ukinipa sahani.

Mwaka 2022 nilikuwa na shughuli mjini, nikaenda Ubungo kumtafuta. Kituo cha mabasi ya mikoani kilikuwa kimehamia Mbezi, na barabara za juu zilikuwa zimejengwa, hata sikuweza kusema kwa yakini kibanda kilikuwa upande gani. Nilimwona kijana auzaye maji, nikamwuliza kama alimjua mama mmoja aliyekuwa akipika hapa zamani.

"Mama nani?" akauliza.

Nikanyamaza. Aliuliza tena, kwa upole, kama anamsaidia mzee: Mama Asha? Mama Juma? Mtu wa wapi, Mzaramo, Mmakonde, Mpemba? Watoto wake walikuwa nani? Kila swali lilikuwa la haki, nami sikuwa na jibu hata la moja. Kijana alikuwa bado anangoja, chupa za maji begani. Nikaanza kumweleza habari za maharagwe.