Leseni ya Kujifunzia na Dhamiri ya Mvuka Mpaka

Leseni ya kujifunzia pikipiki ni ruhusa yenye masharti: mwenye nayo bado yuko chini ya mwalimu, na nchi iliyoitoa imekubali kumvumilia barabarani mpaka afaulu mtihani. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, unaozitaka nchi wanachama zitambuliane leseni za udereva, umeziacha nje leseni za namna hii.

Ufipa, Tanzania, suala hili si la vitabuni tu. Barabara ya kutoka Sumbawanga hupita Matai hadi Kasesya mpakani, na ng'ambo ni Mbala, Zambia. Wamambwe na Walungu wanaishi pande zote mbili za mpaka ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1890 bila kuwauliza. Kote huko watu huendesha kushoto. Kijana anayejua kuachia klachi taratibu kwenye mlima wa tope, gunia la mahindi likiwa nyuma, ana haki ya kuuliza: ujuzi ukivuka, kwa nini ruhusa ibaki Kasesya?

Thomas wa Akwino alifundisha kwamba sheria ya haki huifunga dhamiri, ingawa pia alisema mtu hafungwi na sheria za mtawala asiye wake. Msafiri asijifiche hapo. Mtakatifu Agostino, Mwafrika, anasimulia jinsi mama yake Monika alivyohangaika kuhusu kufunga Jumamosi. Ambrosi, askofu wa Milano, akajibu kwamba yeye hufunga akiwa Roma, ila si Milano: hufuata desturi ya mahali alipo. Mafakihi wa Kiislamu nao huona kwamba anayeingia nchi ya watu kwa amani waliyompa ameweka ahadi, na ahadi hutimizwa.

Hata hivyo hoja nzito kuliko zote ni mama anayetembea kando ya barabara ya Mbala na beseni kichwani. Nyumbani, kibao cha L humtahadharisha mpita njia, na mwalimu yupo wa kuulizwa. Ng'ambo, shahidi pekee wa ujuzi wa mwanafunzi ni mwanafunzi mwenyewe, na ushahidi huo hautoshi kuhatarisha mguu wa mtu mwingine.

Linabaki suala la dharura: mgonjwa amezidiwa, na hospitali ya karibu iko ng'ambo. Hapo uhai hutangulia, na dini zote mbili hukubali hivyo. Lakini dharura ina kipimo chake. Inaruhusu kumfikisha mgonjwa. Hairuhusu kurudi na abiria wa kulipa.