Hesabu za Uhalifu na Amri ya Nane



Kila mwaka serikali nyingi za dunia hutoa hesabu ya makosa yaliyoandikwa na polisi: nyumba ngapi zilivunjwa, watu wangapi waliuawa, wangapi walijeruhiwa, wangapi waliibiwa. Siku ile magazeti hupiga mbiu. Hesabu ikiwa imeshuka, wakubwa hujisifu. Ikiwa imepanda, washindani wao hupiga kelele. Baada ya juma moja yote yamesahauliwa. Ni wachache wanaokaa chini na kuuliza swali lililo la kwanza: hesabu hii imetoka wapi, na yule aliyeiandika aliandika kweli?

Swali hilo ni swali la dhamiri. Amri ya nane ya Mungu yakataza uwongo wa kinywa, na uwongo wa kalamu ni uwongo vile vile. Tena waweza kudhuru zaidi, maana neno la kinywa huchukuliwa na upepo, bali neno la daftari hudumu, na watu hulitegemea hata baada ya mwandishi wake kuondoka. Leo twapenda kulitazama jambo hili kwa mfano wa Uingereza na Wales, ambazo hesabu zao za polisi huwekwa pamoja. Twazichagua kwa sababu huko mambo yalichunguzwa hadharani, na matokeo yake yakachapwa ili kila mtu ayasome.

Huko hesabu za makosa yaliyoandikwa na polisi zimekusanywa tangu mwaka 1857. Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba daftari la polisi ni kioo cha uhalifu wote. Lakini kosa haliingii daftarini lenyewe. Kwanza yampasa aliyekosewa aende kusema, kisha yampasa askari amsikilize, kisha amsadiki, na mwisho aandike, tena aandike kosa kwa jina lake la haki. Ni milango minne, na katika kila mlango kosa laweza kuanguka chini likapotea.

Kwa hiyo mwaka 1982 serikali ilianza njia ya pili. Watu walitumwa nyumba kwa nyumba kuwauliza raia wenyewe ni maovu gani yaliyowapata katika mwaka uliotangulia, wawe walikwenda polisi au hawakwenda. Tangu hapo pakawa na vitabu viwili, na mara nyingi havikupatana. Kitabu cha raia kilionyesha kwamba uhalifu ulifika kilele mwaka 1995, yapata makosa milioni 19 au zaidi, kisha ukashuka, hata miaka ishirini baadaye ulikuwa umepungua kwa zaidi ya nusu. Kitabu cha polisi kilisema vingine: kuanzia mwaka 1998 makosa yaliyoandikwa yalipanda mpaka yakafika kama milioni 6 katika mwaka 2003/04. Sababu kubwa ilikuwa kanuni mpya za kuhesabu za mwaka 1998, na baadaye za mwaka 2002, zilizowataka askari wayapokee zaidi maneno ya aliyekosewa. Uovu haukuzidi kwa kiasi kile. Kalamu ndiyo iliyozidi kufanya kazi.

Hata kitabu cha raia kina upungufu wake. Huulizwa wakaao majumbani. Asiye na nyumba, alalaye barazani au chini ya daraja, haulizwi, naye pengine ndiye apigwaye na kuibiwa kuliko wote. Na aliyeuawa hawezi kuulizwa neno. Tena maswali yenyewe hukawia nyuma ya werevu wa wezi. Maswali juu ya ulaghai na wizi wa njia ya kompyuta yalianza kuulizwa mwishoni mwa mwaka 2015, na mara yalionekana makosa zaidi ya milioni 5 kwa mwaka ambayo hapo awali hayakuwa na mahali katika hesabu ile.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Baada ya mwaka 2004 hesabu za polisi zilianza kushuka, hata mwaka 2012/13 makosa yaliyoandikwa yalikuwa kama milioni 3.7 tu. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini wataalamu waliona kwamba daftari la polisi lilikuwa likishuka upesi kuliko kitabu cha raia, wakaanza kutia shaka. Mwezi wa Novemba 2013 askari mmoja wa London alikwenda mbele ya kamati ya Bunge akaeleza jinsi makosa yanavyopunguzwa uzito au kufutwa. Mwezi wa Januari 2014 mamlaka iliyowekwa kulinda ukweli wa hesabu za taifa iliziondolea hesabu za polisi cheo chao cha kuaminika. Na mwezi wa Novemba mwaka ule ule wakaguzi wa polisi, waliokwisha pitia taarifa za makosa zaidi ya 10,000 katika majeshi yote 43 ya polisi, walitoa hukumu yao: katika kila makosa 100 yaliyopaswa kuandikwa, 19 hayakuandikwa. Kwa mwaka mmoja hayo ni zaidi ya makosa 800,000.

Wasomaji wetu waikumbuka habari ya wakili dhalimu katika Injili ya Mtakatifu Luka. Aliwaita wadeni wa bwana wake mmoja mmoja, na yule aliyedaiwa vipimo mia vya ngano akaambiwa abadili hati yake iwe themanini. Mia zikawa themanini! Wakaguzi wa Uingereza walikuta karibu hesabu ile ile. Bwana wetu alitaja busara ya yule wakili ili kutufundisha kujiwekea akiba ya mbinguni, wala hakumwondolea jina la udhalimu. Na deni halikufa kwa sababu ya hati kubadilishwa. Ngano ishirini zilizokosekana kwenye karatasi zilikosekana pia ghalani, na yupo aliyepata hasara yake.

Ni nani, basi, aliyepata hasara ya makosa yale 19? Wakaguzi walisema kwamba upungufu ulikuwa mkubwa zaidi katika makosa mazito. Katika makosa ya kupiga na kujeruhi, kosa moja katika kila matatu halikuandikwa. Katika makosa ya kuingilia na kuchafua miili ya watu kwa nguvu, zaidi ya moja katika kila manne halikuandikwa. Aliyeibiwa baiskeli aliweza kupata haki ya karatasi. Mwanamke aliyebakwa aliweza kurudi nyumbani bila hata mstari mmoja daftarini. Na kosa lisiloandikwa halipelelezwi, mtenda halitafutwi jina lake, na aliyeumizwa hapewi msaada uliowekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Kwa serikali ameumizwa na hewa.

Hatupendi kuwahukumu askari wote. Wengi wao hufanya kazi ngumu usiku na mchana, na kati yao alitoka yule aliyesema kweli kwa hasara yake mwenyewe. Uchunguzi ulionyesha mizizi ya ubaya huo: wingi wa kazi, usimamizi dhaifu, mazoea ya kutomsadiki mlalamikaji, na zaidi ya yote shauku ya wakubwa ya kuona namba zinashuka. Mkubwa akimpima askari kwa namba peke yake, amemfundisha kuitumikia namba. Hapo ni rahisi kupunguza wino kuliko kupunguza wizi. Mkubwa wa namna hiyo asiseme kwamba mikono yake ni safi kwa kuwa hakushika kalamu. Aliyeweka jaribu mbele ya mdogo wake ana fungu lake katika dhambi.

Lakini wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Tazameni hesabu ya mauaji katika nchi hizo. Katika mwaka 2002/03 namba ilirukia juu ghafula, nayo ikapita elfu moja. Mtu asiyejua angesema kwamba mwaka ule watu walishikwa na wazimu. Kumbe zaidi ya 170 kati ya waliohesabiwa walikuwa wagonjwa waliouawa na tabibu wao, Harold Shipman, katika miaka mingi iliyopita. Wengi wao walikuwa wazee, wakazikwa kwa amani kama watu waliokufa kwa maradhi yao, na hati za vifo vyao alitia sahihi muuaji mwenyewe. Walihesabiwa kuwa wameuawa mwaka ule ambao ukweli wao ulijulikana.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa watu waliopoteza maisha kwa msongamano katika uwanja wa mpira wa Hillsborough, mjini Sheffield, tarehe 15 Aprili 1989. Kwa miaka mingi walisingiziwa kuwa ndio walioleta msiba wao. Mwaka 2012 jopo huru lilionyesha kwamba maelezo ya maandishi 164 ya polisi yalikuwa yamebadilishwa, na katika 116 kati ya hayo yaliondolewa au kugeuzwa maneno yaliyowalaumu polisi. Mwezi wa Aprili 2016 baraza la raia liliamua kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria, na katika hesabu ya mwaka 2016/17 watu 96 wakaandikwa. Walikuwa wamengoja miaka 27 kuingia mahali pao. Wazazi wengine walikwisha kufa wakiwa bado wanabisha mlangoni. Tangu mwanzo wa dunia ndivyo ilivyo: Kaini alidhani shamba limeficha aliyoyatenda, lakini damu ya nduguye haikunyamaza, na Mungu aliisikia.

Twajifunza jambo jingine, nalo wengi hawalifahamu. Namba inayopanda si lazima iwe habari mbaya. Huko Uingereza na Wales makosa ya uchafu wa mwili yaliyoandikwa na polisi yalikuwa kama 53,000 katika mwaka 2012/13, na katika mwaka 2018/19 yalikuwa zaidi ya 160,000. Sehemu kubwa ya kupanda huko ilitokana na polisi kuandika vizuri zaidi, na watu walioumizwa, hata zamani, kupata moyo wa kusema. Palipokuwa na hofu, namba ilikuwa ndogo. Imani ilipoanza kurudi, namba ikakua. Ukaguzi wa miaka iliyofuata ulionyesha kwamba sasa zaidi ya makosa 90 katika kila 100 huandikwa. Kwa hiyo asomaye namba aulize kwanza: je, uovu umezidi, au ukweli umezidi?

Hapa hatuwezi kuwanyoshea polisi kidole huku tukikunja mkono wetu. Mwezi wa Novemba 2020 tume huru iliyochunguza mateso ya watoto huko Uingereza na Wales ilitangaza habari za Kanisa Katoliki. Kati ya mwaka 1970 na 2015 Kanisa la huko lilipokea malalamiko zaidi ya 900, yenye matendo zaidi ya 3,000 ya kuwachafua watoto, dhidi ya watu zaidi ya 900 waliohusiana nalo, wakiwamo mapadre na watawa. Tena tume ilisema wazi kwamba mara nyingi heshima ya Kanisa ilitangulizwa mbele ya usalama wa watoto. Nasi tulikuwa na wakili wetu aliyegeuza mia kuwa themanini. Kalamu iliyonyamaza katika ofisi ya kanisa haina udhuru kuliko ile iliyonyamaza kituoni, bali ina deni kubwa zaidi, maana sisi tulikwisha ambiwa jinsi mtoto mdogo alivyo mbele ya Mungu.

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliiweka fadhila ya ukweli karibu na haki, kwa sababu mtu ana deni la kumwambia mwenzake kweli, kama alivyo na deni la kumrudishia mali yake. Basi kila mmoja wetu alitazame deni lake.

Wewe unayeandika, iwe katika kituo cha polisi, hospitali, shule au parokia, andika lililo. Kabla hujafuta mstari, fikiri ni mtu gani unayemfuta.

Wewe uliye mkubwa, usiombe namba ndogo. Omba namba ya kweli, kisha uione aibu yako ndani yake na kuitengeneza. Na yule akuleteaye habari mbaya, usimfukuze.

Wewe msomaji, na sisi waandishi wa magazeti pamoja nawe, tusishangilie wala kuogopa namba ya mwaka mmoja. Tuulize ilihesabiwaje, kanuni zilibadilika au hazikubadilika, na ni nani ambaye hakuulizwa.

Na kwa wale walioumizwa, na jamaa zao, twasema kwa upole. Katika nchi zetu twajua ni mambo mangapi yasiyofika hata kwenye namba ya RB. Husemwa kwamba yamalizwe nyumbani, kwamba mkosaji ni mjomba, kwamba ukoo utaaibika. Mbuzi huchinjwa, wazee hupatana, na binti hubaki na kilio chake pembeni. Upatanisho ni neno takatifu, lakini hauwezi kujengwa juu ya ukimya wa mtu aliyelazimishwa kunyamaza. Baba na mama, mwongozeni mtoto wenu mpaka mahali atakaposikilizwa. Akikataliwa mlango wa kwanza, mpelekeni wa pili.

Bwana wetu alitueleza habari za mchungaji mwenye kondoo mia. Mara nyingi twasifu upendo wake wa kwenda porini kumtafuta mmoja aliyepotea, nasi twafanya vyema. Lakini tusisahau kwamba jioni ile, kabla ya kwenda, alihesabu, tena alihesabu kwa uaminifu. Kama angependa kulala mapema, angesema wamekaribia mia, yatosha, akafunga zizi. Yule mmoja angekufa porini, na katika daftari la mchungaji kusingekuwa na kosa lo lote. Mungu atujalie wachungaji, askari na makarani wanaohesabu hivyo, na atupe sisi sote moyo wa kuondoka usiku huo huo mmoja anapokosekana.