Uhuru Usioweza Kusema La

Wengi hudhani kuwa uhuru ni kukosa kizuizi, na kwamba aliye huru kweli ni yule asiyewekewa ukuta wala kushikwa na sheria. Dai hili laweza kupimwa mahali pasipotarajiwa: katika ncha ya kalamu ya risasi.

Mwaka 2004, huko Manchester, Uingereza, Andre Geim na Konstantin Novoselov walitumia utepe wa gundi kuambua grafiti, ile ile iliyomo ndani ya kalamu, hadi wakapata utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja tu. Utando huo ndio grafini, nao uliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Ndani yake elektroni huenda kana kwamba hazina uzito, kwa kasi ya takribani kilomita 1,000 kwa sekunde. Uga wa umeme ukizivuta, nishati yao huongezeka, kasi haiongezeki. Elektroni iuendeayo ukuta wa umeme uso kwa uso hupenya kana kwamba ukuta haupo.

Ni nani basi aliye huru kuliko huyo? Lakini wataalamu walipotaka kuunda swichi za kompyuta kwa grafini, walikwama. Kompyuta husema kwa ndiyo na la, na mkondo usiozimika hauwezi kusema la. Asiyeweza kukataa, hata kukubali kwake hakuna maana.

Uga wa sumaku una tabia nyingine. Hauziongezei elektroni nishati wala hauzipunguzii. Huzipinda njia tu. Ukiwa mkali, elektroni za ukingoni hushika mwelekeo mmoja na kusafiri bila kurudi nyuma. Jambo hilo lilipimwa katika grafini mwaka 2005, na mwaka 2007 likaonekana hata katika joto la kawaida la chumbani.

Ukuta na sheria, basi, si kitu kimoja. Mshairi alijua hayo zamani: mizani haimnyang'anyi neno, humpinda ulimi hadi neno lipate njia. Lakini hesabu na iwe kamili. Sheria ile ile inayozinyooshea njia elektroni za ukingoni huzifunga za katikati katika vizingo vidogo, zikazunguka pale pale.

Elektroni haina hiari, wala haibebi lawama. Mwanadamu anazo zote mbili. Kwa hiyo kila anayesifu sheria kwa utulivu wake hana budi kuulizwa: ni nani anayesafiri, na ni nani anayezunguka?