Kunyamaza na Amri ya Nane

Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Swali letu ni hili: je, twaweza kuivunja bila kutamka neno moja la uongo? Tulitazame swali hili kwa mfano wa magazeti ya zamani za babu zetu.

Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya serikali ya Kiingereza ilianza kutoa Mambo Leo, gazeti la Kiswahili la kila mwezi, Dar es Salaam. Lilikuwa na habari za dunia, mafunzo ya kilimo na afya, barua kutoka miji mbalimbali, na mashairi. Shaaban Robert ni mmoja wa washairi walioandika humo. Aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua. Faida hiyo hatuidharau. Lakini mwenye gazeti alikuwa ni serikali, na kuilaumu serikali hakukupewa nafasi. Ndiyo maana mwaka 1937 Erica Fiah, mfanyabiashara mwenye asili ya Uganda, alianzisha Kwetu, ili Mwafrika aseme shida zake mwenyewe.

Ujerumani, nchi ya Luther, yalitokea mabaya zaidi. Berliner Illustrirte Zeitung, gazeti la picha lililopendwa sana, lilikuwa mali ya Ullstein, familia yenye asili ya Kiyahudi. Mwaka 1934 utawala wa Hitler uliilazimisha familia hiyo kuuza kampuni yake. Gazeti liliendelea kutoka na picha zake nzuri, lakini Wayahudi waliokuwa wakiteswa hawakuwa na mtetezi humo.

Mtu atasema: kama kila kilichoandikwa ni kweli, kosa liko wapi? Tena si kila kimya ni dhambi. Mchungaji hutunza siri ya aliyeungama, na mama hafichui aibu ya mwanawe barabarani. Ni kweli. Kwa hiyo tuulize: kimya hiki kinamlinda nani? Kikimlinda mnyonge, ni upendo. Kikimlinda mwenye nguvu asiulizwe, ni ushahidi wa uongo, hata kama hakuna neno lililotamkwa. Luther katika Katekisimo Ndogo anatufundisha kwamba amri hii haiishii kwenye kuacha uongo. Inatudai pia kumtetea jirani.

Hapa Bujora na Usukuma nzima, jambo hili si la vitabuni. Bibi zetu wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, eti kwa sababu macho yao ni mekundu. Wengi wao wamepika miaka mingi kwa moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe, na moshi huo ndio uliowachoma macho. Mnong'ono huanza kisimani, hufika kilabuni, kisha mapanga hutoka usiku. Asubuhi majirani husema hawakusikia kitu. Pengine hakuna aliyemsingizia bibi yule kwa kinywa chake, lakini mnong'ono ulipopita, hakuna aliyesema, "Huyu tunamfahamu, ni mama yetu."

Wapendwa, gazeti la zamani lilikuwa na mwenye mali wa kuliogopa. Sisi tunamwogopa nani? Mnong'ono ukifika kwenye baraza yako, usiupitishe, wala usiuache upite. Mtaje bibi huyo kwa jina lake, sema mema yake unayoyajua, kisha nenda ukamsalimie mchana, watu wakikuona.